Mchicha Wenye Matundu

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemea ukuta wa kibanda changu cha viatu, pale njia ya waenda kwa miguu inapoungana na barabara ya lami. Lilikuwa benchi la shule. Lilivyofika hapa haliulizwi. Mimi ndiye fundi viatu mwenyewe, wananiita Soli, na kazi yangu hainizuii kuongea kwa sababu sindano naishika kwa mkono. Kulia kwangu ni Pancha, anayeziba mipira ya baiskeli na ya magari na kujivunia kwamba hakuna tundu duniani asilolijua. Kushoto ni fundi saa, tunayemwita Darubini kwa ajili ya ile lenzi nyeusi anayoibana jichoni, ambayo huisahau hapo jichoni hata akienda kununua mkate. Waziri hana meza wala kibanda. Yeye ana maoni. Na katikati yetu husimama Mjomba na birika lake la kahawa juu ya jiko la makaa, mjomba wa mtaa mzima, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kumwona dada yake.

Asubuhi hiyo Darubini alichelewa. Tulikuwa tumeshaingia kikombe cha pili alipotokea, tena hakutokea upande wa nyumbani kwake, alitokea upande wa juu, kule kwenye maghorofa. Alikuwa amevaa shati la harusini na viatu nilivyompigia rangi mwenyewe juma lililopita. Hakusalimia. Aliweka kitu kwenye benchi polepole, kama anavyoweka saa ya mtu iliyofunguliwa, kisha akakaa pembeni yake.

— Nini hicho? Pancha akauliza.

— Mchicha.

— Mchicha umevalishwa hivyo unakwenda wapi?

Ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni inayong'aa, umekazwa huku na huku, fungu dogo la kujaa kiganja kimoja. Juu yake palikuwa na kibandiko cha kijani kilichoandikwa ASILIA kwa herufi kubwa, na chini yake maneno madogo. Mimi ndiye mwenye miwani, nikapewa nisome. Nikasoma: Haukupigwa dawa. Umetoka katika shamba la jirani yako. Matundu madogo kwenye majani ni ushahidi wa usalama wake.

— Rudia hapo mwisho, Waziri akasema.

Nikarudia. Waziri akauinamia mfuko kuyahesabu matundu.

Ndipo Darubini akatueleza. Alikuwa ametoka kwenye lile duka jipya la vioo lililofunguliwa kona ya juu, lile ambalo sisi hulipita tukitazama viatu vyetu. Mlangoni alisimamishwa na mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni mtu wa huku kwetu, viatu vyake nimevishona mimi mara mbili, lakini sare ikishavaliwa huwa inasahau.

— Akaniuliza, umetumwa na nani, Darubini akasema.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia nimetumwa na mke wangu.

— Safi.

— Akaniuliza, mke wako anafanya kazi nyumba ipi.

Pancha aliweka chini pampu yake. Mimi nilivuta uzi kwa hasira mpaka ukakatika, na kiatu chenyewe kilikuwa cha mteja mwenye haraka. Mtu amevaa shati la harusini, ameoga, amekwenda kununua majani kwa ajili ya nyumba yake, anaulizwa mkewe ni mfanyakazi wa nani. Niseme ukweli, lile swali liliniuma kana kwamba mlangoni pale nilisimama mimi.

Ndani kulikuwa na baridi kama ya chumba cha maiti, alisema, na mboga zilikuwa zimelazwa kwenye rafu zinapuliziwa mvuke kama wagonjwa wa pumu. Bei yake sitaitaja, nisije nikaambiwa nachochea watu. Lakini bei haikuwa mwisho wa mambo. Dada wa kaunta alimweleza kwa upole kwamba mchicha ule ni wa wateja walioandikishwa, wanaopelekewa kikapu nyumbani kila juma. Darubini akasema basi niandikishe. Dada akatoa fomu, akauliza jina la mtaa, akauliza namba ya nyumba.

— Ukasemaje? Mjomba akauliza.

— Nikasema ni nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya fundi viatu.

— Ndiyo yenyewe.

— Alitafuta pa kuandika hayo, Mjomba, hakupaona. Akanisikitikia, akanipa hili fungu moja lililobaki. Juma lijalo sina changu.

Mtu asiyetujua anaweza kudhani tulikuwa tunagombania majani tu. Kwa hiyo niseme habari ya shemeji yetu. Mke wa Darubini alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika shamba kubwa la mboga, kazi ya kuchuma na kufungasha. Wenye shamba walipuliza dawa asubuhi, akina mama waliingia kuchuma mchana. Mwaka juzi mikono yake ilianza kuchubuka, ngozi inatoka kama ya kitunguu, kisha kifua, kisha usingizi. Daktari alimpa mafuta ya kupaka na akamtoa shambani. Majuzi amerudi kwa daktari na jambo jipya: akila mboga za sokoni midomo inavimba. Daktari akamwambia, mama, mwili wako umeshachoka na dawa hizi, mtafute mboga isiyopuliziwa kitu. Alisema hivyo kama mtu anayesema funga dirisha.

Basi fungu lile lilikuwa la shemeji, naye alikuwa nyumbani anangoja. Darubini alikaa nalo benchini kwanza kwa sababu alihitaji mtu wa kukasirika naye, na kwa kazi hiyo sisi tupo tangu asubuhi.

Waziri alikuwa amepata pumzi.

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inahusiana nini? Pancha akauliza.

— Wameweka haba. Kibaba kiko wapi?

— Hiyo siyo maana yake.

— Maana yake wewe umeisomea wapi?

Pancha hakubishana zaidi, kwa kuwa alikuwa ameuinua ule mfuko na kuutazama dhidi ya jua, na nikaona uso wake unabadilika kuwa uso wa kazi.

— Haya matundu ni ya uongo, akasema.

— Ya uongo vipi?

— Mimi tundu nalijua. Kuna tundu la msumari, kuna tundu la mwiba, kuna tundu la mpira kuzeeka. Haya yametobolewa na mashine. Wanachukua mchicha huu huu wa sokoni, uliopigwa dawa mpaka ukalewa, wanautoboatoboa, wanaandika ushahidi. Ushahidi wa kutengeneza.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, Waziri akaafiki.

— Leo umepatia kidogo.

Mjomba alimimina kahawa na kusema, bila kutuangalia, kwamba mashine ya kutoboa majani ingekuwa ghali kuliko kuwaacha wadudu wale bure. Waziri akadaka hapo hapo. Alisema siyo mashine, ni wadudu wenyewe, lakini wadudu wa kuajiriwa. Alisema nyuma ya lile duka kuna chumba chenye kiyoyozi ambamo viwavi wanafugwa na kufundishwa kung'ata tundu dogo, la adabu, moja au mawili kwa jani, kisha wanahamishiwa jani jingine. Kiwavi anayekula mpaka mshipa anafukuzwa kazi.

— Na ndiyo sababu, akasema, sokoni kwetu huoni mdudu kwenye mboga. Wamechukuliwa wote. Wadudu wetu wako juu kule, wana ajira.

— Sokoni hakuna mdudu kwa sababu ya dawa, nikasema.

— Hayo ndiyo wanayotaka uamini, Soli.

Nami sikubaki nyuma, nikiri. Hasira ikishapanda huwa haichagui njia. Nilisema kwamba hayo ni mwanzo tu, kwamba leo wametuuzia jani lisilo na kitu kwa bei ya jani lenye kitu, kesho watatuuzia maji yasiyo na tope, keshokutwa hewa ya bondeni itatiwa kwenye chupa na kubandikwa ASILIA, na sisi tunaokaa huku chini tutaambiwa tupumue kwa zamu. Mjomba akasema bibi yake alikula mboga ya shambani kwake miaka themanini bila kibandiko, na anaogopa siku moja watakuja kudai malipo ya nyuma kwenye kaburi. Kicheko kilitoka, lakini kilikuwa kicheko cha meno tu.

— Tupime basi, Pancha akasema. Darubini, wewe una jicho. Weka lenzi utazame kama ni mashine au ni meno.

Darubini hakutaka. Aliukodolea macho mfuko kitambo. Mwishowe akatoa lenzi mfukoni mwa shati, akaibana jichoni, akauinua mchicha dhidi ya jua, mkono umenyooka na kichwa kimeinama upande mmoja. Sote tulimwona anafanya hivyo, na sote, naapa, tulikumbuka kitu kimoja kwa pamoja na kila mmoja akatazama kikombe chake.

— Ni meno, akasema. Ukingo umeng'atwa. Mashine haing'ati hivi.

— Basi ni wa kweli.

Alikuwa ameugeuza mfuko upande wa shina na hakusogea tena.

— Nini? nikauliza.

— Fundo hili.

Nikasogea. Ndani ya nailoni fungu lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mgomba, imezungushwa mara tatu, ncha moja ikapitishwa chini, nyingine juu, kisha zote mbili zikachomekwa ndani zisionekane. Mimi mwenyewe nafunga mafundo kutwa, na fundo la namna ile nimeliona mikononi mwa mtu mmoja tu, mama wa bondeni aliyekuwa akipita hapa na mchicha wake. Darubini anaweza kuitambua saa aliyoitengeneza miaka mitano nyuma kwa mkwaruzo wa skrubu. Hakuwa amekosea.

— Ni wake, akasema.

Pancha akasogea, akaona, akarudi kukaa. Mjomba hakuhitaji kuona.

Hapo ndipo Waziri alipolipuka, na sisi nyuma yake, kwa sababu sasa tulikuwa tumepata mtu wa kumtetea na hilo ni tamu kuliko kahawa. Alisema wamemteka. Alisema mama yetu, mama aliyekuwa akipita hapa kila asubuhi na kikapu kichwani, amechukuliwa kwa hila na watu wenye vioo. Pancha akasema wamemsainisha karatasi asiyoweza kuisoma. Nikasema wamempa mbegu kwa mkopo wa ujanja na sasa haruhusiwi kumuuzia hata dada yake. Waziri akasema haruhusiwi kula mwenyewe. Akivuna, mlinzi anamkagua meno jioni. Pancha akasema bonde zima litakuwa limezungushiwa waya. Waziri akasema waya una umeme. Akasimama juu ya benchi upande wa tofali, ikabidi Pancha na mimi tukalie upande wa pili lisipinduke.

— Jirani ni nani? akauliza, kidole kwenye kibandiko. Shamba la jirani yako. Jirani wa nani? Yule wa ghorofa ya saba amemjulia wapi mama yule? Majirani ni sisi. Sisi ndio tuliokuwa naye. Mchicha ulitoka bondeni, ukapita mbele ya pua zetu, ukapanda mlima, ukavalishwa, na sasa tukitaka kuuona tunaulizwa namba ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ile methali ilikaa pale katikati ya benchi. Ni mara ya kwanza nimewahi kumsikia Waziri akiitumia methali mahali pake, na yeye mwenyewe hakujua.

Sasa niseme jambo ambalo pale kijiweni huwa hatulisemi.

Mama yule alipita hapa miaka sita. Saa moja na nusu, jua au mvua, kikapu kichwani, kanga ya pili imefungwa kiunoni. Mchicha wake ulikuwa mfupi na umetoboka. Alikuwa anatuambia kwamba hapulizii kitu, anamwaga majivu na maji ya mwarobaini, na asubuhi anawaokota wadudu kwa mkono, mmoja mmoja. Sisi tuliona mzaha. Tulikuwa na mchezo tuliouita eksirei. Yeye anatua kikapu, Darubini anabana lenzi jichoni, anachukua fungu na kuliinua dhidi ya jua, kichwa upande mmoja kama daktari, kisha anatoa hukumu. Jani lenye tundu ni mgonjwa. Mgonjwa analazwa, yaani anarudishwa kikapuni. Pancha alikuwa akijitolea kuyaziba matundu kwa bei ya jumla. Mimi nilikuwa naandika vyeti vya daktari juu ya soli kwa chaki. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kucheka, na walipomaliza kucheka walikwenda sokoni kununua ule mchicha mnene, mpana, usio na doa, unaotoka mashamba makubwa. Wake zetu walisikia utani huo mpaka wakaona haya kuonekana na mboga yake. Ilifika mahali akatua kikapu kwa sababu ya adabu tu, kutusalimia, na kuinuka na kikapu kile kile.

Na ndani ya mashamba makubwa yale, miaka ile ile, shemeji yetu alikuwa anachuma kwa mikono mitupu ili majani yetu yasiwe na matundu. Darubini alitoka nyumbani akimwacha anapaka mafuta viganjani, akaja hapa akabana lenzi. Simlaumu kuliko ninavyojilaumu. Kucheka tulicheka wote.

Siku ya mwisho alipopita mama yule, alionekana kiwavi. Mnono, wa kijani, amelala kwenye mshipa wa jani. Darubini alimtoa kwa kibano chake cha saa, akamweka kwenye kisahani cha kahawa, akampitisha benchi zima. Waziri alihutubia kwamba leo tumepewa nyama na mboga kwa pamoja. Kisahani kikazunguka mpaka kwa wapita njia. Yule mama alingoja kirudi. Kiliporudi alimchukua kiwavi kwa vidole viwili, akamweka kwenye jani, akatuuliza kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

— Kitu ambacho mdudu amekikataa, nyinyi wanangu mnakilaje?

Tukacheka na hilo pia. Akajitwika kikapu. Kesho yake saa moja na nusu hakupita, na keshokutwa, na tukasema labda anaumwa, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuuliza. Hiyo imepita miezi minane.

Kwa hiyo Waziri alipokuwa amesimama juu ya benchi akisema mama yetu, mama yetu, nilihesabu moyoni ni mara ngapi tulimwita hivyo alipokuwa hapa, na nikaacha kuhesabu. Niliuliza kama tuandike barua ya malalamiko. Waziri akashuka, akasema tuandike kwa mamlaka husika. Pancha akauliza mamlaka husika ni ipi. Waziri akasema itajijua ikisoma. Nikatoa kipande cha karatasi cha boksi la viatu, na tukaanza: Sisi wakazi wa mtaa huu, tulionyang'anywa.

Tulikuwa tumefika hapo kwenye kunyang'anywa, tunabishana kama ni haki au ni riziki, ndipo akaja yule mpangaji mpya. Ni dada mmoja muuguzi wa zahanati, amehamia juzi chumba cha nyuma ya Pancha, bado ana vumbi la kuhama kwenye mikoba yake. Mkononi alikuwa na kikapu kitupu.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia wote.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Waziri akasema, akimpisha nafasi.

Hakukaa. Alisema ana zamu, hana muda, ana swali dogo tu. Akina mama wanaokuja zahanati wamemwambia kwamba mtaa huu umebahatika, kwamba benchini kwa fundi viatu hupita mama mwenye mchicha usiopigwa dawa, tena yeye alikuwa anatafuta kwa ajili ya wagonjwa wake watatu wanaovimba midomo.

— Anapita saa ngapi? akauliza.

Mjomba ndiye aliyejibu.

— Alikuwa anapita saa moja na nusu.

— Na siku hizi?

— Siku hizi hapiti.

— Ameacha kulima?

— Analima. Anapeleka duka la vioo, kule juu.

Dada aligeuka akatazama huko juu, akatazama barabara inayoteremka bondeni, akatutazama sisi. Unajua mtu wa hospitali anavyouliza. Anauliza tu, apate kuandika.

— Kutoka bondeni hapa ni karibu kuliko kule. Mbona aliacha kupita hapa?

Waziri alifungua mdomo. Nilimwona kwa macho yangu akiufungua, na nilingoja, maana huyu ni mtu aliyewahi kutueleza kwa nini mwezi hauanguki. Akaufunga. Pancha alichukua mpira ambao alikuwa ameshauziba akaanza kuuzungusha ndani ya maji, akitafuta tundu. Ile karatasi ya boksi ilikuwa mapajani mwangu, maandishi juu, sisi wakazi wa mtaa huu. Niliigeuza.

— Samahani, dada akasema, nimeuliza vibaya?

— Hujauliza vibaya, Darubini akasema.

Aliinuka. Alivua ile lenzi, akaitazama, akaifungia ndani ya droo ya meza yake na kugeuza ufunguo, ingawa ilikuwa bado asubuhi na saa tatu za watu zilikuwa zinamngoja. Akachukua mfuko wa mchicha. Nailoni ilikuwa imeshaanza kutoa jasho kwa sababu ya maneno yetu na jua.

— Mke wangu ni mmoja wa hao wanaovimba midomo, akamwambia dada. Ngoja nimpelekee hiki kwanza. Halafu nateremka bondeni kumtafuta yule mama. Nina jambo la kumwambia kabla sijamwomba mboga. Kama unaweza kuchelewa zamu kidogo twende wote, maana mimi peke yangu akiniona atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Dada akafikiri, akasema sawa, bonde liko njiani kwake. Akahamisha kikapu mkono mwingine. Walikuwa wameshapiga hatua mbili tatu aliposimama akageuka kwetu sote, kwa wema kabisa, kama mtu anayetaka kupunguza safari.

— Bondeni kule kuna nyumba nyingi. Tukifika tumuulizie nani? Anaitwa nani?

Miaka sita, kila asubuhi. Jina tulikuwa nalo. Mama Matundu, ndivyo tulivyokuwa tukimwita, alikuwa akilisikia tangu kona ya chini, na mara nyingine aliliitikia. Lilikuwa midomoni mwetu wote wanne, na Mjomba wa tano, na hakuna aliyethubutu kulitoa mbele ya yule dada ili alibebe mpaka mlangoni kwa mwenyewe.

Nikamwinulia Mjomba kikombe changu, angalau nipate cha kufanya na mkono. Mjomba akaliinamisha birika, akalitikisa, akalirudisha jikoni.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Dada alikuwa bado amesimama, anangoja jina.